Mkono kwa Mkono: Habari za Walimu wa Vipofu na Viziwi

Katika mazungumzo ya historia tumezoea kusikia habari za wafalme, na vita, na wasafiri waliovuka bahari. Leo nataka kuwasimulieni habari za watu wa namna nyingine. Hawakuteka miji wala hawakutafuta chemchemi za mito. Walikuwa walimu, na wanafunzi wao walikuwa watoto ambao watu wengine walikwisha kukata tamaa juu yao: watoto wasioona, watoto wasiosikia, na wachache waliofungiwa milango yote miwili pamoja.

Nimezichagua habari hizi kwa sababu jambo lenyewe liko karibu nasi. Ni vijiji vichache visivyokuwa na mtoto wa namna hiyo. Mara nyingi huketishwa nyuma ya nyumba. Hulishwa, huvikwa, huonewa huruma, lakini hafundishwi neno. Ukiuliza sababu, utajibiwa, "Huyu atafundishwaje, naye haoni?" Swali hilo si baya, kama mtu analiuliza ili apate jibu. Ubaya wake ni kuliuliza kana kwamba limekwisha kujijibu. Walimu nitakaowataja waliliuliza swali lile lile, lakini hawakuacha kutafuta mpaka walipopata jibu. Na jibu hilo likapokewa na wengine, mkono kwa mkono, zaidi ya miaka 100, hata likafika katika nchi zetu.

Tuanze Ufaransa. Mwaka wa 1771 palikuwa na gulio kubwa mjini Paris, lililoitwa gulio la Mtakatifu Ovide. Mwenye nyumba moja ya vinywaji aliwakodi vipofu kadha wa kadha, akawapandisha jukwaani. Akawavika kofia ndefu za kuchekesha na miwani mikubwa ya karatasi ngumu; akaweka mbele yao vitabu vya muziki, navyo vimegeuzwa juu chini; kisha wakapewa fidla wapige kwa jinsi wawezavyo. Hawakuwa wamefundishwa, basi sauti zilizotoka zilikuwa kelele tupu. Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu.

Katika umati ule alikuwapo kijana mmoja, Valentin Haüy, aliyezaliwa mwaka wa 1745. Alikuwa mjuzi wa lugha nyingi, na kazi yake ilikuwa kufasiri barua na hati. Yeye hakucheka. Aliondoka pale ameona aibu kwa ajili ya wenzake, akaazimu kwamba vitabu vile vilivyowekwa kwa dhihaka atavifanya viwe vya kweli: vipofu watasoma. Azimio hilo lilikuwa jepesi kulitamka, lakini ilipita miaka 13 kabla hajampata mwanafunzi wake wa kwanza.

Hata mwaka wa 1784 alimkuta kijana kipofu, jina lake François Lesueur, akiomba sadaka mlangoni pa kanisa. Bwana Haüy akamtaka aje asome. Hapo likatokea jambo ambalo kila mwalimu wa kijijini analijua: mtoto anataka kusoma, lakini nyumbani wanategemea kile anacholeta. Lesueur akiacha kuomba, jamaa zake watakula nini? Bwana Haüy hakumhubiria juu ya faida za elimu. Alimlipa fedha badala ya zile ambazo angalizipata kwa kuomba, ndipo kijana akaketi chini kusoma. Njaa ilitangulia kuondolewa, somo likafuata.

Vyombo vya kwanza vilikuwa herufi zilizochongwa kwa mti. Lesueur akazipapasa, akazijua moja moja. Inasimuliwa kwamba siku moja, alipokuwa akizigusa karatasi zilizokuwa mezani pa mwalimu wake, alishika kadi moja iliyopigwa chapa kwa nguvu hata herufi zake zikatokeza nyuma. Akaitambua herufi moja kwa ncha ya kidole, akamwambia mwalimu. Mwalimu naye hakusema, "Wewe ni mwanafunzi, nyamaza." Alilishika lile neno, akalifanyia kazi. Akachukua karatasi nzito, akailowesha maji, akaikandamiza juu ya herufi za chapa mpaka alama zikainuka. Hivyo vikapatikana vitabu ambavyo kipofu aliweza kuvisoma kwa vidole. Mwaka wa 1785 shule yake ikafunguliwa mjini Paris, nayo ndiyo inayohesabiwa kuwa shule ya kwanza ya vipofu duniani.

Lakini kazi ile ilikuwa na upungufu wake. Herufi zile zilikuwa zile zile zinazosomwa kwa macho, isipokuwa zimeinuliwa. Jicho huiona herufi nzima mara moja. Kidole sharti kiizunguke, kipande baada ya kipande. Kusoma ukurasa mmoja kulikuwa kazi ndefu. Vitabu vyenyewe vilikuwa vikubwa, vizito, vya gharama nyingi, kwa hiyo vilikuwa vichache. Tena kipofu aliweza kusoma kidogo, lakini hakuweza kuandika kwa mkono wake kitu ambacho yeye mwenyewe angaliweza kukisoma. Alikuwa kama mtu aliyepewa masikio akanyimwa kinywa.

Upungufu huo uliondolewa na mwanafunzi wa shule ile ile. Jina lake Louis Braille, aliyezaliwa tarehe 4 Januari 1809 katika kijiji cha Coupvray, mashariki ya Paris. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Louis alipokuwa na umri wa miaka 3 alikuwa akichezea vyombo vya baba yake, akashika chuma chenye ncha kali cha kutobolea ngozi, yaani msharasi, kikamchoma jicho. Ugonjwa ukaenea hata jicho la pili, na alipotimiza miaka 5 alikuwa haoni kabisa.

Wazazi wake hawakumficha. Padre wa kijiji akamfundisha, na mwalimu wa shule ya kijiji akampokea akae darasani pamoja na watoto wanaoona. Mwalimu huyo hakuwa na vitabu vya vipofu, wala chuo cha kumfundisha kazi hiyo hakikuwapo. Alikuwa na sauti yake, na Louis alikuwa na masikio na akili, ikatosha kuanza. Nawaombeni, ninyi mnaofundisha shule ndogo za vijijini, mkumbukeni mwalimu yule. Katika historia hutajwa kwa maneno mawili matatu tu, lakini kama angalimrudisha Louis mlangoni siku ile, sijui vipofu wangalingoja miaka mingapi mingine.

Mwaka wa 1819, akiwa na miaka 10, Louis akapelekwa katika shule ya Paris. Mwaka wa 1821 mtu mmoja aliyekuwa afisa wa jeshi, Charles Barbier, akaileta shuleni namna mpya ya kuandika kwa nukta zilizoinuka. Nukta zilisomeka kwa kidole vizuri kuliko herufi za chapa, lakini Barbier alitumia nukta 12 kwa kila alama, nazo ni nyingi mno; kidole hakikuweza kuzienea zote kwa mguso mmoja. Tena alama zake zilikuwa za sauti tu, hazikumwonyesha msomaji jinsi neno linavyoandikwa. Louis akaishika habari hiyo, akaijaribu huku na huku, akapunguza, akapanga upya. Ilipofika mwaka wa 1824, naye ana miaka 15 tu, alikwisha kupata nukta 6 zinazoenea chini ya ncha ya kidole kimoja. Mwaka wa 1829 kitabu cha kuieleza namna hiyo kikapigwa chapa.

Mtu ye yote aweza kuifahamu. Fikirini vishimo 6, kama vishimo vya bao, vimepangwa safu mbili za kusimama, kila safu vishimo 3. Weka kete moja katika kishimo cha juu cha mkono wa kushoto: hiyo ni A. Ongeza kete moja chini yake: hiyo ni B. Iache ile ya kwanza, na nyingine uiweke juu mkono wa kulia: hiyo ni C. Herufi 10 za kwanza zinatumia nukta 4 za juu peke yake. Kisha ukiongeza nukta ya chini ya kushoto, A inakuwa K, na B inakuwa L. Basi neno "baba", likiandikwa herufi kwa herufi, ni nukta mbili, nukta moja, nukta mbili, nukta moja. Kwa nukta hizo 6 huandikwa herufi zote, na tarakimu, na hata muziki. Na lugha yetu ya Kiswahili huandikwa hivyo hivyo. Kalamu ya kuandikia ni chuma kidogo chenye ncha, jamaa ya msharasi ule ule uliompofusha mwenyewe.

Louis Braille akawa mwalimu katika shule aliyosomea. Alikuwa pia mpiga kinanda hodari kanisani. Lakini maandishi yake hayakukubaliwa upesi. Wengi wa wakuu walikuwa wanaona kwa macho, na macho yao yalipendezwa na herufi walizozizoea. Walisema kwamba vipofu wakiwa na maandishi yao mbali, watatengwa na watu wengine. Katika miaka ya 1840 nukta zilipigwa marufuku kwa muda ndani ya shule yenyewe. Wanafunzi hawakuziacha. Waliandikiana kwa siri, mkubwa akamfundisha mdogo, kwa kuwa vidole vyao viliwaambia ukweli ambao wakuu hawakuweza kuuona. Louis Braille alikufa tarehe 6 Januari 1852, akiwa na umri wa miaka 43. Miaka miwili baadaye, mwaka wa 1854, shule ikayakubali maandishi yake rasmi. Mwaka wa 1952 Wafaransa waliuchukua mwili wake kutoka kijijini, wakauzika tena Paris katika jumba wanamozikwa wakuu wa taifa lao. Lakini mikono yake waliiacha Coupvray.

Kosa la wakuu wale si la kufundisha vipofu peke yake. Limetokea kwa viziwi vilevile, nami sina budi kulieleza, maana linatuonya sisi walimu. Katika mji huo huo wa Paris, kabla ya Bwana Haüy, padre mmoja jina lake Charles-Michel de l'Épée alikuwa amefungua shule ya viziwi. Yeye alitazama jinsi viziwi wenyewe wanavyozungumza kwa ishara za mikono, akajifunza kwao, kisha akazitumia ishara hizo kuwafundisha kusoma na kuandika. Shule yake ikazaa walimu. Mmoja wao, Laurent Clerc, naye ni kiziwi, alisafiri mpaka Marekani, na mwaka wa 1817 yeye na Bwana Thomas Gallaudet wakafungua shule ya viziwi katika mji wa Hartford. Lakini mwaka wa 1880 wakuu wa shule za viziwi walikutana Milan, katika Italia, wakaamua kwamba kiziwi afundishwe kwa kutamka maneno ya kinywa peke yake, na ishara ziachwe. Walioamua karibu wote walikuwa watu wenye kusikia. Kwa uamuzi huo watoto wengi walikatazwa lugha ya mikono yao, na walimu viziwi wengi wakaondoshwa kazini. Ilikuwa mwaka wa 2010, mjini Vancouver, mkutano wa namna hiyo hiyo ulipotamka wazi majuto yake na kuukana uamuzi wa Milan. Hesabuni wenyewe: ni miaka 130. Mwalimu asiyemsikiliza mwanafunzi wake huweza kukosea kwa muda mrefu kuliko maisha ya mtu mmoja.

Pamoja na ishara, walimu wa viziwi walikuwa na alfabeti ya vidole, ambayo kila herufi ina namna yake ya kukunja mkono. Kitabu chenye picha za alfabeti ya namna hiyo kilipigwa chapa Hispania tangu mwaka wa 1620. Alfabeti hiyo ikavuka bahari kwenda Marekani, na huko ikawa ufunguo wa mlango uliokuwa mgumu kuliko yote.

Palikuwa na mtoto wa kike jina lake Laura Bridgman, aliyezaliwa mwaka wa 1829 katika jimbo la New Hampshire. Alipokuwa na miaka 2 aliugua homa kali, akapoteza macho na masikio pamoja, na hata kunusa na kuonja kukapungua sana. Kilichobaki ni kugusa. Siku zile hata watu wenye elimu walisema kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kufundishwa. Mganga mmoja, Dokta Samuel Gridley Howe, alikuwa mkuu wa shule ya vipofu ya Perkins katika mji wa Boston, naye alikuwa amekwenda Ulaya mwaka wa 1831 kuzitazama shule za vipofu za huko. Aliposikia habari za Laura alikwenda kwao, na mwaka wa 1837 wazazi wakakubali mtoto apelekwe Boston. Hakuwa ametimiza miaka 8.

Dokta Howe na mwalimu aliyemsaidia, Bibi Lydia Drew, walibandika vipande vya karatasi vyenye herufi zilizoinuka juu ya vitu vya kila siku: kijiko, kisu, ufunguo, kiti. Laura akapapasa kijiko na neno lake, ufunguo na neno lake. Kisha vipande vilibanduliwa, naye akajifunza kukiweka kila kimoja juu ya kitu chake. Baadaye herufi zikatengwa moja moja, ajenge neno mwenyewe. Majuma mengi alifanya hayo kama mchezo tu, akiwaiga walimu wake pasipo kujua maana. Hawakuchoka. Hata siku moja uso wake ukabadilika: alikuwa amefahamu kwamba kwa njia hii aweza kulichukua wazo lililomo moyoni mwake akamwonyesha mtu mwingine. Tangu hapo alifundishwa herufi za vidole, zikiandikwa ndani ya kiganja chake, naye akawa na kiu ya maneno isiyokwisha. Mwaka wa 1842 mwandishi mashuhuri wa Uingereza, Charles Dickens, alifika Boston akamwona, akaandika habari zake katika kitabu cha safari yake.

Laura aliishi shuleni Perkins karibu maisha yake yote, akishona, akisoma, akizungumza kwa vidole, mpaka alipokufa mwaka wa 1889. Hakuwa mtu wa makuu. Wengine wakasema, "Taabu ile yote, na mwisho wake kushona tu?" Lakini sikilizeni habari iliyofuata, mwone kama taabu ile ilipotea.

Mwaka wa 1876 katika jimbo la Massachusetts, watoto wawili wa maskini, kaka na dada, walipelekwa katika nyumba ya serikali ya kuwatunza maskini, mahali palipokuwa na wagonjwa na wazee wasio na ndugu. Mama yao alikuwa amekufa. Kaka, aliyekuwa mgonjwa, akafa humo baada ya miezi michache. Dada, Anne Sullivan, alikuwa na miaka 9, na ugonjwa wa macho ulikuwa umempofusha nusu. Alikaa humo zaidi ya miaka 4. Alisikia kwamba duniani ziko shule za vipofu. Basi siku wakaguzi wa serikali walipokuja kuikagua nyumba ile, akawafuata, akapaza sauti kwamba anataka kwenda shule. Mwaka wa 1880 akapelekwa Perkins. Alikuwa na miaka 14, wala hakujua kusoma. Mwaka wa 1886 alimaliza masomo akiwa wa kwanza katika darasa lake, na waganga walikuwa wamempasua macho hata akaweza kuona kidogo. Shuleni humo alimkuta Laura Bridgman, naye sasa ni mtu mzima, na kwa kuzungumza naye Anne akazizoea herufi za vidole.

Wakati huo huo, mbali sana kusini, katika mji wa Tuscumbia wa jimbo la Alabama, mama mmoja alikuwa na binti jina lake Helen Keller, aliyezaliwa tarehe 27 Juni 1880, ambaye alipokuwa na umri wa miezi 19 aliugua akapoteza macho na masikio kama Laura. Mama huyu alikuwa amesoma kitabu cha Charles Dickens, akakumbuka habari za yule mtoto wa Boston. Kwa hiyo hakukata tamaa. Wazazi wakauliza huku na huku, hata shule ya Perkins ikaandikiwa barua, na shule ikamtuma Anne Sullivan. Alifika tarehe 3 Machi 1887, akiwa na umri wa miaka 20. Mkononi alichukua mwanasesere, zawadi ya wanafunzi vipofu wa Perkins, na nguo za mwanasesere huyo alikuwa amezishona Laura Bridgman. Je, mwaona mahali kushona kwake kulipofika?

Helen alikuwa mtoto mwenye nguvu na hasira. Kwa huruma, jamaa zake walimwachia kila kitu: mezani alizunguka akichota kwa mkono katika sahani ya kila mtu. Bibi Sullivan alikataa. Alipigwa ngumi hata jino likavunjika. Siku moja Helen alimfungia chumbani akaficha ufunguo, na baba yake ikambidi alete ngazi kumtoa mwalimu dirishani. Ndipo mwalimu akaomba kukaa na mtoto peke yao katika nyumba ndogo bustanini, na katika siku zile mtoto akajifunza kumtii na kumwamini. Mwalimu huyo aliona kwamba huruma isiyodai kitu kwa mtoto humfungia mlango wa tatu, juu ya ile miwili iliyokwisha kufungwa.

Kila kitu alichokishika Helen, Bibi Sullivan alikiandika kiganjani mwake kwa vidole. Helen akaiga, lakini pasipo kufahamu, kama Laura zamani. Tarehe 5 Aprili 1887 walikwenda kwenye bomba la maji. Bibi Sullivan akauweka mkono mmoja wa mtoto chini ya maji yanayomwagika, na katika mkono wa pili akaandika jina la maji, kwanza polepole, kisha upesi. Mtoto akasimama kimya, kama mtu anayekumbuka kitu. Akafahamu. Akainama akagusa ardhi, akataka jina lake; akaonyesha bomba; akamgusa mwalimu, naye akataka kujua jina lake. Siku ile alijua maneno mapya karibu 30.

Watu husimulia habari hiyo ya maji, kisha huishia hapo, kana kwamba mambo yote yalimalizika siku moja. Lakini kazi iliyofuata ndiyo inayotufaa sisi walimu. Bibi Sullivan alimtazama mtoto mchanga wa jamaa ya Helen, akaona kwamba mtoto hafundishwi lugha kwa somo la saa fulani. Husikia watu wakisema mchana kutwa, akafahamu kabla ya kusema. Akaazimu kuzungumza kiganjani mwa Helen kama watu wanavyozungumza sikioni mwa mtoto, kwa maneno kamili, kutoka asubuhi hata usiku. Akamfundisha nje, mashambani na kando ya mto. Milima na visiwa na mito ya jiografia aliifinyanga kwa udongo, mtoto akaipapasa. Helen akajifunza kusoma kwa vidole, na nukta za Louis Braille pia. Mwaka wa 1900 akaingia chuo kikuu cha Radcliffe. Bibi Sullivan aliketi karibu naye darasani akimwandikia kiganjani maneno ya wakufunzi, na nyumbani akamsomea vitabu kwa saa nyingi, naye macho yake mwenyewe yalikuwa yakiuma na kudhoofika. Mwaka wa 1904 Helen akashinda mitihani yake kwa sifa. Walikaa pamoja miaka 49, mpaka Bibi Sullivan alipokufa tarehe 20 Oktoba 1936, hali Helen amemshika mkono. Helen naye alikufa mwaka wa 1968, baada ya kusafiri katika nchi nyingi akiwatetea vipofu na viziwi.

Sasa tugeukie kwetu Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1946 Jeshi la Wokovu lilianzisha shule ya vipofu Thika, katika Kenya. Mwaka wa 1950 shule ya vipofu ya Buigiri ilianzishwa na Waanglikana karibu na Dodoma, katika nchi iliyoitwa Tanganyika. Shule ya viziwi ya Tabora ikafuata mwaka wa 1963. Leo kuna shule nyingine, na kuna vyuo vinavyofundisha walimu wa kazi hii, kama Patandi katika mkoa wa Arusha. Mtoto wa Buigiri anayepapasa nukta 6 anashika kazi ya kijana wa Coupvray, na mwalimu wake anaendesha kazi ya Haüy na Howe na Sullivan.

Haifai kuwadanganyeni kwamba kila mtoto kipofu au kiziwi atakuwa Helen Keller. Je, kila mtoto anayeona amekuwa mfalme? Mwalimu wa watoto hawa hapimi kazi yake kwa sifa. Furaha yake ni siku mtoto anapojifunga viatu mwenyewe, anapoandika jina lake, anapoomba chumvi kwa ishara na kupewa. Kazi yake ni ya polepole, na mara nyingi hana wa kumsifu isipokuwa mtoto mwenyewe. Basi sisi tunaofundisha walimu chuoni huwaambia vijana wetu mambo matatu katika habari hizi. Kwanza, tafuta njia iliyobaki wazi, uanzie hapo: kama si jicho, ni sikio; kama si sikio, ni mkono. Pili, mwache mwanafunzi akufundishe, maana kidole cha Lesueur na nukta za Braille zilitoka upande wa wanafunzi. Tatu, usimhurumie mtoto hata ukamnyima kazi.

Nanyi wazazi, wahenga walisema, "Hujafa hujaumbika". Hakuna ajuaye kesho atakuwa na viungo gani. Mtoto wako asiyeona msemeshe, umtume, umpe ungo apepete na mtama apukuchue, ajue nyumba yake kwa miguu yake. Asiyesikia, jifunzeni ishara zake nyumbani nzima, asiwe mgeni katika jamaa yake. Kisha mpelekeni kwa mwalimu wa shule iliyo karibu, mkamwulize shule ya kumfaa iko wapi. Nawe mwalimu, akija mtoto asiyeona, umweke mbele, na kila unaloandika ubaoni ulisome kwa sauti. Chimba vishimo 6 katika ubao, umpe kete, mwanze na herufi A. Yule mwalimu wa Coupvray alianza na kidogo kuliko hicho.